Nilivyomsemea Mzee Luhende

Nyie mnaoanza kazi hii sasa mna bahati. Mna vyeti, mna simu za kurekodi alama mkazirudia mpaka zikae, na mna viziwi watu wazima wanaosimama mbele ya darasa kuwafundisha lugha yao wenyewe. Sisi tulifundishwa na watu wanaosikia, katika vyumba ambamo hakukuwa na kiziwi hata mmoja. Nimestaafu, magoti yananisumbua, na vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukakamaa, kwa hiyo sitasimama tena mbele ya watu kutafsiri. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nitaandika, ila anayetaka sifa akaitafute ile hotuba waliyonisomea siku ya kuniaga. Waliiandika vizuri, na karibu nusu yake ni kweli.

Nataka mjue kwamba lugha ya alama haikai mikononi. Mikono ni mlango tu. Lugha yenyewe inakaa kichwani, ndani ya ubongo, pale pale inapokaa lugha yako wewe unayeongea kwa mdomo. Mtaniambia hilo mnalijua, mmelisoma. Mimi nililijua nikiwa mzee, na nililijua kwa kumharibia mtu miezi yake ya mwisho duniani. Mtu huyo ni Mzee Luhende, fundi seremala, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii hasa.

Shule ya kwanza niliyopangiwa sitaitaja, wala haiko mkoa huu. Huko tuliambiwa kwamba mtoto kiziwi akiachiwa mikono yake hatasema kamwe, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumtoa sauti. Unashika kipande cha karatasi mbele ya mdomo wake, unasema "pa", karatasi inacheza, naye anajaribu mpaka yake icheze. Unamwekea mkono kooni auhisi mtetemo. Mtoto anapuliza karatasi mwaka mzima, na mwaka ukiisha ana maneno sita ambayo mama yake peke yake ndiye anayeyaelewa. Akiinua mikono kuzungumza na mwenzake, anapata rula. Sitawadanganya, rula hiyo niliishika. Nilipiga vidole vya watoto wadogo nikiamini nawasaidia. Wakitoka darasani walikuwa wakiongea kwa mikono kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata, nami nikauita utundu. Sikuwahi kujiuliza ni utundu gani huo unaomtungia mwenzako uongo, unaopanga njama za kuiba maembe, na unaomsengenya mwalimu mpaka watu wanashika mbavu.

Tulidhani alama ni ishara tu, za aina ile ambayo mtu yeyote anaifanya akiwa mbali na mwenzake: njoo, nenda, nipe maji. Ndiyo akili niliyokuja nayo Tabora nilipohamishiwa kwenye kitengo kidogo cha viziwi.

Luhende nilimkuta kwenye karakana ya kitengo, anafundisha useremala. Cheti hakuwa nacho. Kwao ni Choma, kule Igunga, katika nyumba ya wafugaji ambamo hakuna mtu aliyejua alama hata moja. Bahati yake ni kwamba shangazi yake wa Tabora alikuwa na watoto wawili viziwi, akamchukua akiwa bado mdogo kabisa, akakua na lugha ya mikono wakati ubongo bado unaipokea kirahisi. Hilo mliandike mahali. Mtoto asiyeona lugha yoyote mpaka anapevuka hatakuja kuipata yote, hata mumfundishe mpaka mchoke. Nimewafundisha wa aina hiyo, na najua wanapoishia.

Siku ya kwanza nilijitambulisha kwa Luhende kwa alama za kwenye kijitabu. Aliniangalia mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akachukua chaki na kuniandikia kwenye ubao wa mninga: "Unafukuza ndege?" Nilikasirika. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti na yeye fundi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Lakini alikuwa amesema kweli, mikono yangu ilikuwa inaruka huko na huko, mtu angedhani niko shambani kwenye mpunga.

Akanishikisha kazi. Alinikalisha kwenye benchi, nikabana daftari moja chini ya kila kwapa, na akasema nikidondosha daftari naanza upya. Wiki mbili nilizungumza hivyo. Kisha akahamia usoni. Kiziwi hatazami mikono yako, anatazama uso wako, na mikono anaiona kwa chini yake. Uso ukilala, maneno yanalala. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nawauliza watoto kama wamekula na wao wanakimbia jikoni na sahani, kwa sababu nyusi zangu hazikupanda na swali lilikuwa linatoka kama amri. Mpishi alinichukia sana mwezi ule. Kisha akanifundisha kupanga watu hewani: ukimweka mama kushoto kwako, mwache kushoto mpaka hadithi iishe, usije ukamhamishia kulia katikati ya safari, utawafanya watu watafute mama wa pili.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hiki si kitu cha kubahatisha. Kina kanuni, kina makosa yake, kina lafudhi. Luhende alikuwa akimtambua kiziwi wa Mwanza na wa Kigoma kabla hajamaliza kusalimia. Baada ya chakula cha mchana alikuwa na kawaida ya kujilaza kwenye maranda, na siku moja nikamwona vidole vinacheza kifuani na macho yamefumbwa. Alipoamka nilimuuliza. Akaniambia alikuwa anabishana na mteja aliyeleta mbao mbichi. Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Mtu anayeota kwa mikono, lugha yake imefika ndani kweli.

Tulifanya kazi pamoja mpaka nywele zikabadilika rangi. Mji huu tangu enzi za misafara umezoea watu wa kuwasemea wenzao, Mnyamwezi na Mwarabu na Mmanyema wote walipitia hapa wakihitaji mtu wa katikati. Nami nikawa mtu wa katikati wa viziwi. Polisi, hospitali, mabaraza ya ardhi, harusi, kote niliitwa mimi. Na kwenye kazi hiyo kuna mambo mawili lazima niwaeleze, msipoyaelewa hayo hamtaelewa nilichokifanya.

La kwanza ni kichwa. Kiziwi aliyekulia kati ya watu wanaosikia hujifunza mapema kuitikia kwa kichwa. Watu wanamsemesha, haelewi, wanarudia, wanapiga kelele, wanakunja uso, na yeye anagundua kwamba akiinamisha kichwa mara mbili na kutabasamu wanamwacha. Anakua nalo. Niliwahi kwenda zahanati moja kumfuata kijana wetu aliyeng'olewa jino zima kabisa wakati alikuwa anaumwa tumbo. Aliulizwa maswali yote, akaitikia yote. Luhende mwenyewe alilifanya hilo kwa ndugu zake kila walipokuja, na wakiondoka ananigeukia na kuniuliza walikuwa wanasema nini. Kwa hiyo niliweka sheria, na kila mkalimani niliyemfundisha anaijua: kichwa si jibu. Geuza swali. Ukimuuliza anataka kwenda akaitikia, muulize anataka kubaki. Akiitikia tena, jua hamjaelewana.

La pili ni kunyoosha. Mbele ya karani asiye na subira, kiziwi mwenye wasiwasi anatoa maneno vipande vipande, anaanza, anaacha, anarudi. Mkalimani akitoa vipande hivyo hivyo, karani anamwona yule mtu mjinga. Kwa hiyo unanyoosha. Unapokea vipande vitatu, unatoa sentensi moja safi. Nilisifiwa sana kwa hilo. Mkuu mmoja wa ofisi aliwahi kuniambia kwamba nikitafsiri mimi, viziwi wanaongea Kiswahili kizuri kuliko watumishi wake. Nililirudia hilo kwa watu miaka mingi, kwa majivuno, na kila nikilikumbuka sasa naona haya.

Luhende alipata kiharusi baada ya sisi wote wawili kustaafu. Alikuwa mjane, hana mtoto, anaishi kwenye nyumba yake karibu na reli, na uani alikuwa na karakana ambamo kila siku jioni viziwi wa mji walikusanyika kuzungumza. Zuhura ndiye aliyemkuta ameanguka. Zuhura ni kiziwi, fundi cherehani, niliyemfundisha tangu darasa la kwanza. Alimpeleka hospitali kwa bajaji, kisha akaja kunichukua.

Mkono wa kulia ulikuwa mzito siku chache, kisha ukarudi. Alishika kikombe, akafunga vifungo vya shati, na Zuhura alipomletea kipande cha mbao na msasa alikisugua kwa kufuata nyuzi za mbao, kama kawaida yake. Wote tukafurahi. Ila alipotaka kuongea, mikono ilikwenda pasipo na kitu. Siku moja alikuwa na kiu. Alikunja kiganja, akakipeleka mdomoni, akainamisha kichwa nyuma, mtu yeyote angejua anataka maji. Kisha akataka kusema alama yenyewe ya maji, alama aliyoitumia tangu yuko kwa shangazi yake, na mkono ukapanda, ukasimama mahali ambapo si penyewe, ukajaribu umbo hili na lile. Akautazama mkono wake kwa muda mrefu. Macho yake yalinitisha, nikampa maji haraka ili yaishe.

Wauguzi walisema mzee amechanganyikiwa. Mimi nilisema ni uchovu. Mkono si umepona, niliwaambia, basi na maneno yatarudi. Angalieni nilivyokuwa bado na ile akili ya rula. Nilidhani lugha ya kiziwi ni mikono, mikono ikiwa mizima lugha ni nzima.

Mdogo wake, Maganga, akaja kutoka Choma. Nataka mumwelewe Maganga: ni mtu mwema. Alikuja na maziwa, na kuku, na mwanawe wa kumbeba mgonjwa. Alisema ndugu yake hawezi kukaa peke yake, na kwamba kwao kuna nyumba, kuna wake zake na wajukuu, hatakosa wa kumpikia wala wa kumwogesha. Zuhura akasema kwa mikono, nami nikatafsiri, kwamba viziwi wameshapangana zamu, watalala hapa, watampikia hapa, abaki kati ya watu wa lugha yake. Maganga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mimi ndugu yangu sijawahi kuongea naye. Nyie ndio mnamjua. Muulize mwenyewe. Akisema abaki, namwacha, wala sitanung'unika."

Kwa hiyo yote yalibaki kwa Luhende, na kwa Luhende njia ilikuwa mimi. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamuuliza. Aliinua mikono na akasema kwa muda mrefu. Alama moja ilitoka vizuri, mbao. Ikaja jana. Yakaja mambo yasiyo na umbo, mkono ukipinda na kuacha, uso wake umejaa, nyusi zinapanda na kushuka, jasho limemtoka. Ikaja nyumba. Ikaja ng'ombe, kisha mbao tena, kisha akarudi mwanzo. Zuhura alinigusa bega akaniuliza, "Umemwelewa? Mimi sijamwelewa hata kidogo." Chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Gari la Nzega, la kuwapeleka kwao, lilikuwa linaondoka saa nane na mwana wa Maganga alikuwa ameshasimama mlangoni. Nami ni yule mwalimu ambaye viziwi wakisemewa naye wanaongea Kiswahili kizuri. Nilimjibu Zuhura kwamba nimemwelewa.

Nikachukua nyumba, nikachukua ng'ombe, nikanyoosha. Nikamwambia Maganga: "Anasema kazi ya mbao imemchosha. Anataka kupumzika nyumbani, kwenye ng'ombe wa baba yenu." Kisha nikamgeukia Luhende, nikamuuliza kwa alama mbili tu, ndivyo, sivyo? Akaitikia kwa kichwa.

Sikugeuza swali. Sheria ni yangu, nimeifundisha nusu ya mkoa huu, na siku ile sikugeuza swali. Maganga alilia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili. Walimtoa Luhende nje amekumbatia begi lake la randa na patasi, nao wakaliacha kwa jirani kwa sababu lilikuwa zito.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kuchukua majibu ya picha ya kichwa, Maganga aliniomba. Nilikutana na daktari kijana, mpole, ambaye aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti na kuniwekea ile picha dirishani. Akaniuliza mzee alikuwa anaongea vipi kabla ya kuugua. Nikamwambia ni kiziwi, anaongea kwa mikono. Akaitazama tena picha, akaweka kidole upande wa kushoto wa ubongo kwenye kivuli kimoja cheusi.

"Mama, mshipa umeziba hapa," alisema. "Kwako wewe ukiziba hapa, mdomo unabaki mzima ila maneno yanapotea. Na yeye ni hivyo hivyo. Ubongo haujali lugha imeingilia sikioni au machoni. Ukishajua ni lugha, unaiweka hapa."

Nilimweleza habari ya maji, kwamba aliweza kuigiza kunywa na hakuweza kusema maji. Akasema ndivyo inavyokuwa. Kuigiza ni kitu kingine, kinakaa kwingine, na huko hakukuguswa. Ila alama ni neno, na nyumba ya maneno imeungua. Tena akaniambia kwamba kwa ugonjwa huu mgonjwa anaweza hata asielewe vizuri anachoulizwa, akaitikia tu, kwa hiyo tusimwamini kichwa. Yule kijana alikuwa ananifundisha sheria yangu mwenyewe. Nilikaa pale nikizikumbuka zile rula, na vile vidole vidogo, na jinsi tulivyosema ni ishara tu, na Mungu ndiye anayejua tulichokuwa tunakipiga.

Nikamuuliza kama maneno yanarudi. Alisema yanaweza kurudi, si yote, lakini yanarudi kwa kuongea. Kila siku, na watu wa lugha yake, hasa miezi hii ya mwanzo. Kisha akauliza, "Huko aliko ana watu wa kuongea naye?"

Nikamjibu, "Ana ndugu zake."

Nilitoka nje nikampigia simu Maganga. Nilikuwa na maneno yote tayari: kwamba ndugu yake hakukubali, kwamba mimi ndiye niliyekubali, kwamba amrudishe. Maganga akapokea kwa furaha, akasema mzee hajambo, mtulivu, hana usumbufu, kila anachoambiwa anaitikia. Nikamwambia daktari amesema apumzike na asiache dawa za presha. Basi. Nilikata simu nikiwa nimesimama pale getini, na nikajiambia nitakwenda mwenyewe nikamweleze uso kwa uso, mambo haya si ya simu.

Nilikwenda baada ya mwezi mmoja na nusu. Msiniulize kwa nini mwezi mmoja na nusu. Walinichinjia jogoo. Luhende walimweka barazani, amevaa shati safi, amenyolewa, na watoto wanapita mbele yake kama wanavyopita mbele ya kabati. Aliponiona alishtuka, akanyoosha mikono akaanza kusema. Alama zake zilikuwa mbaya kuliko za Tabora. Hata mbao haikutoka. Nilijaribu kumpa alama ndogo ndogo, nyumba, chai, Zuhura, naye alinifuata kwa macho kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa mwanafunzi yeyote. Alama ya Zuhura aliijaribu mara nyingi. Mara moja aliipata karibu yote, akacheka, kisha ikampotea akaanza kupiga paja kwa ngumi. Nusu saa tu ya kuongea na kitu kilikuwa kimeanza kusogea. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Maganga akaja na kigoda akakaa nasi, akaniambia hajui anishukuru vipi, kwamba maisha yao yote aliona aibu kuwa na kaka asiyemjua, na kwamba Mungu amempa nafasi ya kumtunza kwa sababu mimi nilimfungulia mdomo. Nikasema tunashukuru wote. Nikala jogoo wao, nikaaga, nikapanda gari.

Mvua zikaanza, barabara za mbugani kule zikawa tope, nikapata sababu nyingine ya kutokwenda. Luhende alifariki mvua zikiwa katikati. Kiharusi cha pili, walisema, alikutwa ameshakata roho barazani. Alikaa Choma miezi minne. Katika miezi hiyo minne aliongea nusu saa.

Viziwi wa Tabora walikodi basi dogo tukaenda kuzika. Walikuwa wengi, wamejaza upande mmoja wa uwanja, na wote walisimama mahali watakapoona mikono yangu. Zuhura alikuwa mbele. Nilitafsiri sala, nikatafsiri salamu za kijiji, na kazi ilikwenda. Kisha Maganga akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma kuzaliwa, alisoma kwenda kwa shangazi, alisoma ufundi wake. Sauti ilikuwa inamkatika. Nami nikatafsiri kila neno, sikunyoosha chochote, kwa sababu tangu ile siku ya picha sijanyoosha tena.

Ndipo akafika kwenye ugonjwa. Akasoma kwamba marehemu aliulizwa mbele ya watu anataka kuishi wapi, akachagua mwenyewe kurudi kwao, akaja kupumzika kwa amani kati ya ndugu zake. Akaninyooshea mkono, akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Mwalimu wake huyu hapa, yeye ni shahidi."

Mkalimani anatoa alichopewa. Nilitafsiri yote, kuchagua mwenyewe, amani, shahidi. Niliona nyuso za viziwi zinakunjamana, maana hawa walimjua Luhende, na wengi walikuwa na ushahidi wao wa miaka na miaka kwenye ile karakana. Mikono yangu ilimaliza ikashuka. Kisha nikaiinua tena, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikasema maneno yangu mwenyewe katikati ya kazi. Kwa mdomo sikutoa kitu, kwa hiyo wanaosikia hawakujua. Nilisema: "Hakuchagua. Sikumwelewa. Nilisema nimemwelewa, nikakubali mimi kwa niaba yake. Nimejua tangu wiki ile na nimenyamaza."

Nilitegemea hasira, na hasira ningeistahili. Zuhura ndiye aliyeinua mikono, taratibu, mbele ya kaburi lililo wazi, akaniuliza swali ambalo mkalimani analipwa kulijibu.

"Sasa siku ile alisema nini?"

Nikamwambia sijui. Maganga alikuwa bado anasoma, ikabidi niendelee kutafsiri.